Mshenga Aliyefuka Moshi Nyamiaga

Leo nimevua suruali ukweni. Na ukwe wenyewe si wangu!

Naandika nikiwa kwenye gari, tunarudi Runazi. Naandika mapema kwa sababu Anseli yuko kiti cha mbele anacheka tangu tutoke, na najua akishika simu yake ataisimulia vibaya.

Anseli ni rafiki yangu, seremala. Anampenda Jeska wa Nyamiaga, kule Ngara, na Jeska anampenda. Kikwazo ni baba mtu. Mzee Barnaba ni katekista mstaafu, na hataki kabisa harufu ya sigara nyumbani kwake. Mshenga wa kwanza aliingia akinuka sigara, akasindikizwa hadi barabarani kabla hajataja kilichompeleka. Ndipo Anseli akanijia dukani.

"Kaka Deusi, wewe maneno unayo. Safari hii wakikataa, basi tena. Kuna mwalimu wa Nyakisasa naye anajisogezasogeza."

Nikamwambia, "Nitakwenda, nitaongea, na sirudi bila jibu." Nilimaanisha.

Sasa, mimi sigara nimeacha. Kweli kabisa. Siku hizi natumia sigara ya umeme, kile kidude cha betri unachobonyeza kikatoa mvuke wenye ladha. Changu kinanukia embe. (Mke wangu anasema nanuka kama peremende iliyoyeyukia mfukoni.) Dada aliyeniuzia pale Biharamulo mjini alinipa na betri ya akiba, akanionya sana. Nisiiache juani. Nisiichaji kwa chaja ya ovyoovyo. Na ikae kwenye kikasha chake, isichanganyike mfukoni na funguo wala sarafu, maana vyuma vikigusa ncha zake zote mbili inapata moto.

Nikamjibu, "Dada, mimi si mtoto."

Asubuhi nikavaa suruali yangu ya kijivu, ile ya harusi na misiba. Kikasha cha betri kikatuna mfukoni vibaya. Mshenga hawezi kwenda kwa watu ametuna upande mmoja! Nikakitupa kikasha, nikaibakiza betri peke yake. Funguo za duka, tena ni furushi, nikaziweka mbele karibu na dereva.

Njiani nilivuta mara ya mwisho, nikakificha kidude chini ya kiti. Nikatafuna karanga. Nikajinusa. Safi! Betri ya akiba? Nilikwisha kuisahau.

Tulipofika, Anseli akabaki garini, maana siku ya kwanza muoaji haonekani. Nikashuka na kurekebisha kola. Dereva akaniita:

"Bosi, funguo zako!"

Nikazipokea nikazitumbukiza mfukoni. Mfuko uleule.

Sebuleni walikuwa wamenisubiri. Mzee Barnaba katikati, shangazi yake Jeska kulia, na bibi mzaa baba kwenye mkeka. Shikamoo nilizigawa zote, marahaba nikazipokea zote. Nikakaa. Nikaanza kuongea, na niwaambie ukweli, niliongea! Nilieleza bidii ya Anseli, vitanda anavyotengeneza, heshima yake kanisani. Shangazi akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Mzee Barnaba akakohoa kidogo.

"Kijana wenu anavuta?"

"Havuti, mzee. Hajawahi."

"Na wewe mshenga?"

"Sigara niliiacha, mzee." (Si uongo! Someni vizuri juu.)

Hapo nikahisi joto pajani.

Mwanzo nikadhani ni aibu. Aibu huwa inaniwasha. Nikabadili mguu. Joto likaongezeka. Nikasogea pembeni ya kiti. Joto likanifuata. Nikapitisha mkono juu ya mfuko kama mtu anayelainisha suruali, nikauondoa haraka sana. Ndipo ile sauti ya yule dada wa Biharamulo ikanijia kichwani, neno kwa neno.

Nikajiambia, Deusi, kaza. Ukisimama sasa, Jeska ni wa mwalimu.

"Endelea," akasema Mzee Barnaba. "Mbona unatokwa jasho?"

"Ni... ni furaha ya kuwaona, mzee."

"Haya. Maana mimi nilisema wazi, hapa kwangu sitaki moshi."

"Hapa hakuna moshi, mzee!"

Na moshi ukatoka.

Ulitoka mfukoni, mweupe, ukapanda taratibu kupita kifua changu, ukapita puani, ukaelekea darini. Wote wanne tuliufuata kwa macho, na mimi nikiwemo, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha ukaja mweusi, ukafuatiwa na moto wenyewe.

Ndugu zangu, suruali ilitoka. Sikumbuki mkanda. Sikumbuki viatu. Nakumbuka niko katikati ya sebule ya katekista na bukta ya njano yenye picha za ndizi, narukaruka.

Bibi akainuka mkekani anapiga kelele, "Mawe! Mawe!"

Kwa Kihangaza hiyo ni kama kusema "mama yangu!" Mimi najua. Anseli, ambaye ni Msukuma, hajui. Kule garini alichosikia ni kwamba rafiki yake anapigwa mawe. Akaja mbio, akaingia bila hodi, akasimama mbele yangu mikono ameitandaza.

"Bibi, nakuomba! Usimpige! Nipigeni mimi!"

Bibi hakumwelewa. Shangazi alishachukua ufagio, akaisukuma suruali hadi nje uwanjani, nayo ikalia pwaa! Kuku wakatoweka. Jeska akatokea jikoni na beseni la maji ya baridi. Suruali ilikuwa nje, lakini yeye alinimwagia mimi. Namshukuru, paja lilikuwa linadai.

Mimi nachuruzika. Anseli bado ametandaza mikono.

Mzee Barnaba akamtazama. "Wewe ndiye Anseli?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Shusha mikono. Huyu mtu wako anaungua nini?"

Nikajibu mwenyewe. Nikamweleza yote, sigara ya umeme, betri, kikasha nilichokitupa, funguo. Nikasema na hili la mvuke naliacha pia, tangu leo. Mke wangu ananisoma hapa, nalirudia: naliacha.

Anseli akaninong'oneza, "Kaka, twende zetu. Tumeshaharibu."

Kwenda wapi? Nilitoka Runazi kwa ajili ya jibu! Shangazi akanirushia kitenge, nikajifunga kiunoni, nikasimama wima mbele ya mzee, maji yakinidondoka kwenye kidevu.

"Mzee wangu, nilikuwa sijamaliza. Nilifika kwenye tabia za kijana wetu. Umemuona mwenyewe. Amesikia mawe, amekuja mbio kuyapokea badala ya mwenzake. Mwoneshe Jeska mwanaume mwingine wa hivyo, nami nitarudi nyumbani."

Jeska akaangalia chini. Shangazi akaziba mdomo kwa upande wa khanga, mabega yanatikisika. Mzee Barnaba alijitahidi. Nilimuona anajitahidi. Kisha akacheka mpaka akavua miwani, akaifuta, akacheka tena.

"Kijana tumemkubali," akasema. "Jipangeni mje na wazee wenu. Na mshenga tunamtaka huyuhuyu."

Shangazi akashtuka. "Huyu, kaka?"

"Huyuhuyu. Hana tena cha kutuficha."

Tukalishwa ndizi na maharage. Nikapakwa shubiri pajani na bibi, mbele ya watu, na sikupinga chochote, maana mtu wa hali yangu anapinga nini? Kitenge nimeambiwa nitakirudisha siku tutakayokuja na wazee.

Basi hongereni Anseli na Jeska. Nanyi wengine mtakaokuja harusini, nawaomba kwa heshima zote: mnisalimie mkiniangalia usoni tu.