Sauti Iliyonipa Ukamanda

Jumatatu, 3 Juni
Wifi yangu, dada wa mume wangu, ametuongoza tena vitani. Ni mchezo wa mtandaoni: watu kumi, kila mmoja kwake na simu yake, tunavamia ngome pamoja kumuua joka. Yeye kamanda. Mimi tabibu, kazi yangu kuwaponya wanaoumia. Yaani kutwa nzima napokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, halafu mchezoni nako wagonjwa. Shukrani sifuri. Nimeamua. Kesho wifi akiumia, simponyi. Akifa, nachukua uongozi.

Jumanne, 4 Juni
Saa kumi jioni. Mapokezi matupu, Daktari yuko ndani na mgonjwa. Joka likampiga wifi, nikatazama pembeni. Akafa. Nikatangaza kwamba kuanzia sasa wanisikilize mimi. Wakanisikiliza. Tatizo ni kwamba nilipokuwa natoa amri sikumponya mtu. Tumekufa wote. Nikasingizia mtandao. Wifi akasema mtandao wangu una chuki binafsi. Wakati wa chakula mume wangu akauliza kama ni kweli nimemuua dada yake. Nikamwomba anisogezee chumvi.

Jumatano, 5 Juni
Makubwa. Tulikuwa tena mbele ya joka, nami nimesahau kuzima kipaza sauti, na mlango wa chumba cha matibabu uko wazi. Katikati ya vurugu ikasikika sauti ya Daktari, imetulia kama maji ya mtungini: “Usirudi nyuma. Baki hapohapo. Pumua. Tunakaribia kumaliza.” Daktari, mama wa watu, alikuwa anambembeleza mzee mmoja mwenye gego bovu. Kikosi kizima kikatulia. Hakuna aliyerudi nyuma. Joka likabakiwa na uhai kiduchu. Hatujawahi kulifikisha hapo. Wakauliza nani yule. Nikasema ni mimi, nina mafua. Wamepiga kura: kamanda ni mimi. Wifi ndiye wa kwanza kunipigia kura. Karibu nione haya. Karibu.

Alhamisi, 6 Juni
Maandalizi. Kuna mgonjwa wa jino sugu aliyepangiwa kesho asubuhi. Nimemhamishia saa kumi jioni, wakati wa vita. Daktari akataka kujua kwa nini. Nikasema mgonjwa kaomba. Mgonjwa naye akataka kujua. Nikasema Daktari kaomba.

Ijumaa, 7 Juni
Nilipiga magoti mlangoni, simu nimeielekeza ndani. “Vizuri sana. Kichwa mbele kidogo. Shikilia.” Watu wakasonga kama jeshi la kweli. Ushindi nauona. Ndipo Daktari akasema: “Limevunjikia ndani. Tuishie hapa leo, nenda ukapumzike.” Wote tisa wakaondoka uwanjani. Wengine waliaga. Nikabaki mimi na joka. Linanipiga, najiponya. Linanipiga, najiponya. Halafu Daktari akatoka, akanikanyaga mkono, akauliza kwa sauti ileile mhudumu wake wa mapokezi anatafuta nini sakafuni. Wifi alikuwa bado hewani. Akatoa shikamoo. Daktari akaitikia marahaba, akauliza anaongea na nani. Wakaelezana kila kitu, kwa adabu, simu ikiwa mkononi mwangu.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepewa onyo. Saa za kazi simu yangu itakaa kwenye droo ya Daktari. Wifi amerudi kwenye ukamanda. Mimi nimepangiwa kuchunga farasi nje ya ngome. Mume wangu anasema niwaombe radhi wote, tena nianze na yule mgonjwa niliyemvurugia siku. Amesema kweli. Nikampigia. Kumbe ni mwalimu wa udereva. Sauti nzito, kila neno amri. Hata aliponisamehe nilinyoosha mgongo. Jino lake linamaliziwa Jumanne. Nimemwomba awahi, saa kumi ya vita awe amekaa pale mezani kwangu, anisimulie taratibu jinsi anavyowafundisha watu kupita kwenye msongamano bila kuogopa. Mume wangu bado hajui kwamba siku hiyo ataniazima simu yake.