Kompyuta Yangu Imezimia, na Msimamizi wa Wateja Ni Mwanangu

Kwa Msimamizi wa Dawati la Wateja,
ambaye pia ni kitindamimba wangu.

Ndugu Msimamizi,

Kwa heshima zote zinazostahili cheo chako, na zile chache nilizobaki nazo kama mama yako, naomba kuwasilisha malalamiko kuhusu kompyuta mpakato uliyonitumia ili kila Jumapili niwe namwona mjukuu wangu. Naandika kwa mkono kwa sababu kila nikikupigia unasema "nitakupigia baadaye", na hiyo baadaye bado iko njiani.

Malalamiko ni haya:

1. Jumapili iliyopita, nikiwa nimeshavaa gauni la kutokea na kuketi mbele yake, kompyuta ilikataa kuamka. Feni ilihema, taa ya pembeni ikanikonyeza, lakini uso ulibaki mweusi tii. Nimekuwa mkunga hadi nikastaafu. Kiumbe anayehema bila kufungua macho namfahamu. Nilimgeuza kifudifudi, nikamsugua mgongo, nikampiga kakofi ka adabu. Hakulia. Baba yako, ambaye udereva wa malori umemtoka mikononi lakini si kichwani, alishauri tuisukume kidogo, huenda ingeshika.

2. Nilikupigia. Ukasema, "Mama, izime halafu uiwashe." Mwanangu, imezimika yenyewe, nizime nini tena? Maiti haiuliwi mara mbili. Nilipokuuliza hivyo ukacheka, ukasema kuna mteja anakusubiri kwenye laini nyingine. Nilifurahi kusikia kwamba wako watu wenye bahati hiyo.

3. Nikaipeleka kwa fundi redio wa hapa mtaani. Aliifungua kwa bisibisi, akaitazama kama anayetazama msiba wa jirani, akasema, "Mazabodi imekufa, mama." Nikamuuliza mazabodi ni nini. Akanieleza kuwa ni ubao-mama, ndio uliobeba vingine vyote. Sikushangaa. Tangu lini jambo likaharibika nyumbani akalaumiwa mwingine asiye mama?

4. Ndipo nikapiga namba yenu ya wateja, kama mtu baki. Nilichezewa muziki mpaka chungu kikaungua jikoni. Kisha akapokea binti mwenye sauti ya kubembeleza, akaniita "mteja wetu mpendwa", akaniuliza naendeleaje na kama nina nafasi ya kuzungumza. Nilitaka kulia. Swali hilo sijaulizwa na mtu wa ofisi hiyo tangu ulipoajiriwa. Akaniambia nichomoe chaja, nibonyeze kitufe cha kuwashia bila kukiachia kwa muda mrefu, kisha nijaribu upya. Nilimuuliza kuhusu bosi wao. Akasema, "Ana subira huyo, mama! Hajawahi kumkatia mteja simu." Nikamwomba anihakikishie kama tunamzungumzia mtu mmoja. Mwishoni akanipa namba ya tatizo. Nimekubeba tumboni, nimekubeba mgongoni, na sikuwahi kuwa na namba kwako. Sasa ninayo. Nakushukuru.

5. Kipengele hiki kimefutwa. Baba yako amekisoma, akasema mtoto haandikiwi hayo.

6. Kwa kuwa mimi si fundi, fundi si daktari, na ofisi yako inahudumia dunia nzima isipokuwa sebule hii, naona hakuna dawa nyingine ila msimamizi mwenyewe afike kwenye eneo la tukio. Nimesikia safari ni ndefu na likizo ni ngumu kupata. Nasikitika. Lakini kitufe cha kuwashia kipo huku, na kidole kinachokijua kipo huko. Kimoja lazima kisafiri, na kitufe hakina pasipoti.

Uje na mkeo na mtoto. Nimeambiwa ameanza kutembea. Mara ya mwisho mimi nilimwona akitambaa, na alitambaa akatoka nje ya kioo. Nikabaki natazama mguu wa meza yenu. Nimewazalisha mama wa mtaa mzima, watoto wao nawajua kwa kilio. Huyu wangu namjua kwa picha inayoganda.

Nisipopata jibu la kuridhisha, nitalazimika kupiga namba ya wateja kila asubuhi na kuwasimulia mabinti zako habari za utoto wako, nikianzia na siku uliyojifungia chooni kumkimbia kinyozi. Wana subira, umewafundisha vizuri. Watanisikiliza.

Msalimie mkamwana wangu, mwambie sina ugomvi naye. Mbusu mtoto mashavu yote mawili. Msalimie na yule binti wa simu, na kama kuna nyongeza ya mshahara, aanze yeye. Baba yako anakusalimu, ila amesema asitajwe.

Nikiwa bado kwenye foleni,
Mteja wenu mpendwa, na Mama yako.

N.B. Kompyuta iliwaka jana mchana, kabla sijakaa kuandika barua hii. Nilifanya kama alivyoniambia yule binti, ikafungua macho, ikaniuliza nywila, na baba yako akapiga makofi. Lakini malalamiko nilikuwa nimeshayapanga kichwani, nikaona kuyaacha yaoze ni hasara. Sijakupigia kwa kompyuta hiyo, wala sitakupigia. Njooni hivyo hivyo. Chumba cha mbele nimeshakifagia na kitanda nimekitandika. Sasa usiniambie nikitandue.