Dawa ya Gari Linalozeeka

Jumanne, 5 Julai 1983

Dada Benedikta, ulipoondoka kwenda chuoni Singida ulinitaka niandike kila siku, kisha nikutumie kwa basi. Leo naanza. Naahidi kusema yote, hata ya aibu, ingawa nadhani hayatakuwepo.

Habari kubwa: Baba anauza Datsun! Mzee Akonaay wa Gendabi atakuja Jumamosi kuliona. Analitaka kwa ajili ya mwanawe Tadei, dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Atalipa kwa mifugo. Baba amesema akipata mtamba, fedha aliyoweka ya kununua ng'ombe itaninunulia baiskeli. Akipewa mbuzi, nitaendelea kwenda shule kwa miguu yangu.

Tatizo ni hesabu. Mwalimu Theodory alitufundisha kwamba gari hupungua thamani kila mwaka. Letu lina umri sawa na wangu. Nimekokotoa. Thamani yake iliisha nikiwa darasa la tatu. Tangu hapo tumekuwa tukipanda kitu kisichokuwepo!

Perpetua wa jirani kapita na baiskeli yake, kengele kriii, kriii. Akauliza kama kuku wetu wamepewa taarifa ya kuhama garini. Kuku wamehama jioni.

Jumatano, 6 Julai

Nimepata dawa! Akina mama wafugaji hupaka samli nguo zao za ngozi, nazo hung'aa miaka yote. Bati nalo ni ngozi ya gari. Mama yuko Mbulu kwa Bibi hadi Jumanne, kwa hiyo samli yake ilikuwa imekaa bure. Nimepaka kuanzia boneti hadi buti. Liling'aa kama bibi harusi! Perpetua alisimama. Akashuka hata kwenye baiskeli. Sijawahi kumwona hivyo. Furaha!

Alasiri yakapita malori ya ngano yakielekea Arusha. Vumbi. Makapi. Yote yaliganda kwenye samli. Gari limeota manyoya.

Perpetua alirudi na wenzake, akauliza tunalikamua saa ngapi. Baba alilizunguka taratibu, akauliza ni nani aliyepanda ngano juu ya gari lake. Nilimpa shikamoo kwa mara ya pili. Haikusaidia.

Ijumaa, 8 Julai

Jana sikuandika. Nilikuwa nabandua makapi kwa kucha.

Samli haitoki kwa maji, na sabuni dukani hakuna. Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Nyuma ya jiko kuna gunia la magadi ya Ziwa Balangida, ambayo Baba alimwekea ng'ombe wetu mtarajiwa alambe. Magadi hukata mafuta, kila mpishi anajua. Nikakoroga ndoo nzima. Samli ikatoka yote! Maji ya kusuuza yakaniishia, lakini gari lilipokauka lilibaki na weupe mzuri sana, kama limepigwa rangi mpya. Baba alisema afadhali. Thamani imepanda! Nimechagua baiskeli ya bluu.

Jumamosi, 9 Julai

Mzee Akonaay alifika asubuhi na Tadei, pamoja na mitamba sita ili Baba achague. Nikaamkia. Nikasogea pembeni kwa adabu.

Mitamba hawakusogea pembeni. Walinusa hewa, wakaja moja kwa moja kwenye gari. Wakaramba boneti. Wakaramba milango. Mmoja mwekundu aliramba kioo cha pembeni hadi kikaanguka, akarukia kingine. Rangi ya mlango wa dereva ilikwenda na ulimi. Baba alisimama wima kama yuko gwaride. Perpetua alikuwa juu ya ukuta wetu, analia kwa kicheko.

Nikaona baiskeli yangu ya bluu inageuka mbuzi.

Lakini Mzee Akonaay alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia Baba kwamba yeye ameona magari mengi, hata ya wakubwa wa mashamba, lakini hajaona lolote lililopokewa na ng'ombe namna hii. Tadei alinong'ona kuhusu rangi. Akaambiwa anyamaze, kombaini yake hairambwi na mtu. Wakapeana mikono: gari kwa yule mtamba mwekundu. Nimeshinda! Nilimpungia Perpetua mkono kama mgeni rasmi.

Tadei akawasha gari, akaondoka. Mtamba mwekundu akakata kamba, akalifuata hadi Gendabi.

Jumapili, 10 Julai

Baada ya ibada Baba alikwenda Gendabi kumrudisha mtamba. Alimkuta akiramba buti. Mzee Akonaay kasema yeye ametimiza ahadi, ila hawezi kumlazimisha ng'ombe kutupenda. Baba amerudi naye, akasema baiskeli itanunuliwa mtamba akikaa kwetu wiki nzima. Akisharudi Gendabi tena, nisilitaje neno baiskeli. Kasema pia nisiguse chochote kinachohusu thamani.

Sijagusa gari lolote. Nimetumia akili tu. Magadi yalibaki nusu gunia, nami nimempatia yule mtamba sababu ya kuipenda nyumba yetu: nimeyapaka kwenye ule mlango mpya wa mninga ambao Mama hataki hata tupige hodi kwa nguvu. Ajabu! Hajatoka hapo tangu saa tisa. Ameshafika kwenye bawaba.

Dada, daftari hili litakufikia kesho kwa basi la asubuhi. Tafadhali nijibu kwa basi hilohilo likirudi, maana Mama anafika Jumanne: mlango wa mninga ukirambwa, hupungua thamani kiasi gani kwa siku?