Brokoli ya Mama Mkwe

Jumapili, Machi 2
Ushindi! Leo nimekata kichwa cha nne cha brokoli, kikubwa kuliko vyote. Nimekipitisha juu ya ukuta polepole ili jirani akione vizuri. Jirani ni mkaguzi wa shule mstaafu, na mtaa mzima tunamwita Mkaguzi kwa sababu hajaacha kukagua. Anayo miche miwili, niliyompa mimi mwenyewe kwa moyo mkunjufu. (Ile dhaifu, iliyopinda shingo. Minne mizuri nilibaki nayo. Hili libaki kati yangu na daftari.) Yake haikufunga kichwa cha maana, imerefuka tu na kutoa maua ya njano. Nimemwambia hiyo si mboga, ni fagio. Akaingia ndani kwake. Jioni njema sana.

Jumatatu, Machi 3
Mama mkwe amepiga simu. Mbegu ni zake. Alizipata kwa mama yake, aliyezipata kwa mama yake, hazijawahi kupita dukani. Mwaka jana alinipa kidogo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, nikaahidi kumrudishia mbegu mpya. Sasa akiba yake yote imeingia ukungu kabatini. Zilizobaki ni zangu tu. Alilisema hilo kwa sauti ndogo, kisha nikamsikia anavuta makamasi. Anakuja Jumamosi kuangalia. Nikamwambia asiwe na shaka, mama, mbegu ziko tele.

Nikakata simu, nikaenda kutazama ziko wapi.

Vichwa viwili tumeshakula. Viwili viko kwenye friji. Nimekichukua kimoja, nikakiweka kwenye meza yangu ya kazi, nikavaa lenzi, nikakifungua kwa kibano kama ninavyofungua saa, kila kipande mahali pake juu ya kitambaa cheupe. Vipande mia mbili na kumi. Mbegu hakuna! Mke wangu akapita na kuuliza natafuta nini. Akanieleza kwamba vile vidude vya kijani ni maua ambayo hayajafunguka, na mbegu huja baada ya maua. Yaani tumekula maua. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Anasema aliniambia mara tatu, na mara zote nilimjibu kwamba mimi ni fundi.

Jumanne, Machi 4
Suluhisho! Nimenunua pakiti ya mbegu za brokoli duka la pembejeo. Nitazimimina kwenye chupa ya kikohozi, nani atajua? Nimefungua. Za waridi! Zimepakwa dawa. Nimeziosha kwa sabuni, nikazisugua kwa mswaki. Zimekuwa za waridi hafifu. Mswaki pia. Mke wangu amesema mama yake ana miaka sabini na sita lakini macho anayo, na ameomba mswaki mpya.

Nilitaka kucheka naye, nikashindwa. Nimekumbuka yale makamasi kwenye simu.

Jumatano, Machi 5
Mpango mpya, wa kifundi zaidi. Kile kichwa cha mwisho bado kizuri. Nitakirudisha shambani! Mama mkwe akiona kichwa kizima kwenye shina, atakwenda zake akijua maua yatakuja. Vile vitatu, nitasema wezi. Nimechagua shina lililo karibu na geti, nikachomeka waya mbili za chuma, nikafunga kwa uzi wa kijani. Kazi safi! Mashina yalikuwa yameanza kutoa vichipukizi pembeni, vinaharibu sura, nimevikwanyua kwenye mashina matatu. La nne, la karibu na bomba, mvua imenifukuza.

Alhamisi, Machi 6
Kichwa kimelegea. Nimekinyunyizia maji mara saba. Mke wangu amepita na ndoo, akakitazama, akanitazama mimi, akaniuliza kama nimewahi kujiuliza yale maua ya njano ya jirani yametoka kwenye mbegu zipi. Akaendelea na safari yake.

Nimesimama pale muda mrefu, kopo la maji mkononi. Fagio! Lile fagio ndilo ukoo mzima wa mama mkwe. Kesho asubuhi nitamwendea Mkaguzi. Sitaomba, la hasha. Nitajitolea kumwondolea yale magugu yanayomwaibisha, niyahamishie kwangu na udongo wake. Atanishukuru.

Ijumaa, Machi 7
Siku mbaya kuliko zote, na nzuri kuliko zote.

Nimechungulia ukutani asubuhi. Mkaguzi amesimama mbele ya brokoli na jembe limeshanyanyuliwa! Nimepiga kelele ambayo sikujua ninayo. Jembe likabaki hewani. Akauliza kuna nini. Nikasema maua ni mazuri mno, ni dhambi kuyang'oa. Akanikumbusha kwamba Jumapili niliyaita fagio, kwamba tangu hapo mkewe naye anayaita fagio, na kwamba sungura wake wanasubiri kuyala. Nikasema nitamtengenezea saa yake ya ukutani bure. Akasema inatembea vizuri, akanyanyua tena jembe.

Nikasema yote. Mama mkwe, chupa, ukungu, mbegu za waridi, hata waya. Sijawahi kujieleza hivyo kwa mtu, tena juu ya ukuta, tena nimevaa kaptula ya kulalia. Mkaguzi alisikiliza kama anayesahihisha mtihani. Kisha akaweka jembe chini, akasema mama huyo mzee aje tu ayaone, mlango uko wazi.

Nimeketi juu ya ndoo na kushusha pumzi. Afadhali! Afadhali mara mia! Nilisahau kumwambia ni miche gani niliyompa. Si lazima aambiwe kila kitu.

Jumamosi, Machi 8
Mama mkwe amefika saa tatu. Kabla sijamkaribisha ndani, ameshika kile kichwa cha getini kwa vidole viwili. Kikabaki mkononi mwake, na waya zake. Akakigeuza huku na huku. Akasema, baba, umefanya kazi nzuri ya mikono. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikampeleka kwa Mkaguzi, mke wangu nyuma yetu. Alipoyaona maua ya njano na nyuki wake, akashika mdomo. Akasema mmea mmoja peke yake usingebeba mbegu, lakini miwili inatosha, na miezi miwili ijayo maganda ya mbegu yatakuwa yamekauka. Halafu akalia waziwazi, akicheka. Mke wangu naye. Mimi vumbi liliniingia machoni. Akamuuliza Mkaguzi nani alimpa. Mkaguzi akaninyooshea kidole na kusema mkwe wake alimchagulia miche miwili bora. Mama mkwe akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Nilijisikia vibaya kwa muda. Dakika mbili hivi.

Alipopita tena kwangu aliona vichipukizi vya shina la karibu na bomba. Akaniambia niviache kabisa, vitachanua, tutapata mbegu za akiba. Nikaapa.

Jumapili, Machi 9
Nimelala kama mtoto. Mbegu zimepona, na nikitazama vizuri, aliyeziokoa ni mimi. Nisingempa Mkaguzi ile miche, leo tungekuwa wapi? Msimu ujao nitampa tena ile dhaifu. Imethibitika kitaalamu.

Tatizo ni Mkaguzi. Amekaa kwenye kiti karibu na maua yake, anapokea wageni! Majirani wanne tangu asubuhi. Ilibidi nimwonyeshe kwamba na upande huu kuna kilimo. Nimekata kichipukizi kimoja tu, kile kikubwa, nikakipitisha juu ya ukuta. Hakukiona vizuri. Nikakata cha pili ili alinganishe. Viwili vilivyobaki peke yao havikupendeza, nikavikata navyo, vyote nikavipika na mayai. Vitamu ajabu.

Mchana huu Mkaguzi anazungushia brokoli yake wavu wa chuma, upande wa ukuta wangu tu. Sijui anaogopa nini. Mtaa wetu hauna wezi.