Homa ya Shemeji Waziri

Jumatatu, 11 Septemba 1978

Raia wa kiume na wa kike wa Kindu, wa kingo zote mbili za mto, wanajulishwa rasmi kwamba kitufe cha tatu cha koti langu jeupe kimerudi mahali pake leo asubuhi. Mke wangu Safi ndiye aliyekishona. Taifa lipumue.

Asiyeona uzito wa habari hii hajafundishwa na Raia Okito. Mwezi wa saba nilipata tisa na nusu juu ya ishirini katika somo lake la kutunza wagonjwa. Ile nusu iliyokosekana ni kitufe. Alisema mwenyewe, mbele ya darasa: muuguzi asiyeweza kufunga koti lake atafungaje kidonda? Mimi, mtu wa miaka arobaini na tatu, nimesimama kati ya vijana wasioota ndevu, nimevuta tumbo ndani.

Alhamisi ni mtihani wa marudio. Nikipata kumi, naingia mwaka wa mwisho. Nikikosa, nafukuzwa shuleni, narudi Kibombo kuosha mabeseni ya dispensari kama zamani. Safi ameshasema mabeseni nitayafuata peke yangu. Maandazi anayouza mlangoni mwa shule ndiyo yanayotulisha. Hana nia ya kuhama na wateja.

Na haki iko wapi? Mwaka mzima Okito ametusomea imla. Mashine ya kupima presha hatujaiona, tumeichora. Mchoro wangu ulikuwa mzuri kuliko yote. Nikapewa saba, kwa sababu mpira wake niliupaka kijani. Nikauliza kwa heshima ni wa rangi gani. Akasema masista waliondoka na mashine akiwa bado kijana, hakumbuki, ila kijani sicho.

Jumanne, 12 Septemba

Tangazo ubaoni. Kila mwanafunzi aje Alhamisi na mgonjwa wake.

Wagonjwa wa hospitali hawataki tena kuguswa na sisi. Ni tangu Bulaimu, jirani yangu wa benchi, alipotafuta mshipa katika mkono wa mke wa kamishna mpaka mama yule akamwuliza kama amepoteza kitu humo ndani.

Kwa hiyo mji unawindwa. Sokoni mzee mmoja alikohoa, wanafunzi watatu wakageuka. Bulaimu ameshajipatia: nyanya yake mzaa mama, mguu umevimba, ugonjwa unaonekana tangu barabarani. Kuna watu wana bahati ya ukoo. Alinisimamisha kwa huruma ya kuchokoza. "Mukubwa Sumaili, weye iko na mugonjwa?" Nikamjibu kwamba ninao wengi, nachagua.

Na nimechagua. Mgonjwa wa kweli ni hatari, hujui ana nini. Mtu mzima wa afya, ugonjwa unampangia mwenyewe. Nimemchukua Waziri, mdogo wake Safi, fundi wa baiskeli karibu na stesheni, anayelala chumba cha nyuma hapa kwetu. Hajaugua tangu nimjue. Nimempa malaria, maana ndilo somo pekee ninalolijua kwa moyo.

Waziri amechukizwa. Malaria ni ya kila mtu, hata watoto wanayo. Aliuliza kama hakuna kitu kikubwa kidogo, cha moyo labda, cha wakurugenzi. Nikamweleza kwamba moyo uko sura ya nane na mimi nimefika ya tano. Amekubali kwa sharti la kuku siku ya Jumapili.

Jumatano, 13 Septemba

Mazoezi. Tumepatana homa ya thelathini na nane na nukta mbili. Homa ya kadiri, ya mtu mwenye adabu. Kichwa kinauma, viungo vinauma, hamu ya chakula hakuna. Hapo Waziri alikwama. Alisema hawezi kusema uongo wa namna hiyo, na sahani mkononi.

Safi alikuwa anakanda unga, anasikiliza. "Baba Zawadi, saa hizi zote ungezisoma, ungekuwa daktari sasa." Nikamwambia haelewi jinsi Okito anavyotoa pointi. Akasema kweli haelewi, na anadhani Okito naye haelewi.

Jioni Waziri alikataa kula. Anajizoeza. Nimeguswa na bidii yake.

Alhamisi, 14 Septemba

Nimeonewa. Okito ana chuki na watu wazima. Waziri naye amenivurugia kwa kutetemeka kupita mapatano. Sitaandika zaidi.

Ijumaa, 15 Septemba

Haya. Daftari ni langu, sioni faida ya kulidanganya. Yaliyotokea ni haya.

Waziri alikuja amejifunga blanketi ya Safi, meno yanagongana. Kwanza nilifurahi. Kisha nikaingiwa na wasiwasi, maana huku ni kuzidisha. Nikainama nikamwambia apunguze.

"Shemeji, miye naumwa."

Nikamwambia vizuri, aseme hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini.

"Hapana, shemeji. Naumwa kweli-kweli."

Nikamkonyeza. Akatapika karibu na kiatu cha Okito. Nikawaza: kijana huyu amepotea bure kwenye baiskeli.

Kipimajoto ni kimoja kwa darasa zima. Okito hukiweka mfukoni kifuani kama kalamu. Nilikipokea, nikakitia kwapani mwa Waziri, nikatazama saa ya ukutani kwa uso wa kitaalamu, nikakitoa, nikakiinua dirishani, nikatangaza: thelathini na nane na nukta mbili. Sikukisoma. Nisome nini, na jambo tulishapatana?

Okito alikichukua mkononi mwangu. Akakitazama. Kilikuwa karibu na arobaini.

Akavua koti lake la abakosti, akalitundika kitini. Akaweka mgongo wa mkono kwenye shingo ya Waziri. Akavuta chini kope ya jicho, akaangalia rangi. Akabonyeza tumbo, taratibu, upande wa kushoto. Akamwuliza alikunywa maji lini, alikojoa lini, akimwita mudogo wangu. Wanafunzi walipanda juu ya mabenchi waone. Miaka miwili, ndiyo mara ya kwanza namwona akigusa mgonjwa, na mikono yake inajua. Tulijifunza zaidi asubuhi ile kuliko katika imla zote. Angetufanyia hivyo mara moja tu tulipoanza, hata Bulaimu angekuwa mtu.

Kisha akanigeukia. "Muntu huyu iko na moto tangu jana, Sumaili. Mnalala nyumba moja. Weye ulimugusa?"

Nikasema nilidhani anaigiza.

Hata nyanya ya Bulaimu aliacha kulalamika juu ya mguu.

Nilingoja sifuri. Okito akasema sifuri itanipumzisha, na hataki nipumzike. Alitoa vidonge vya malaria, Nivakini, katika droo yake mwenyewe. Nimtunze Waziri, nimpime asubuhi na jioni, nichore homa yake kwenye karatasi ya miraba midogo, Jumatatu nilete karatasi na mtu. Mtu akija kwa miguu yake na mchoro ukiwa mzuri, kumi. Si kumi na robo. Akaniazima kipimajoto cha darasa, kama mtu anayetoa jicho.

Leo Waziri ametoka jasho, amekunywa uji, amenitukana mara mbili. Safi anasema hiyo ni nafuu. Yeye ameketi karibu naye na hasemi na mimi. Asubuhi nilipima, nikasoma kweli, dirishani: thelathini na nane na nukta nne. Nikaichora.

Lakini namjua Okito. Wino ukimwagika, nusu pointi. Mstari ukipinda, nusu pointi. Na kesho ni salongo, kazi ya lazima ya raia wote, tunakata majani ya barabara mpaka adhuhuri, mikono itatetemeka. Basi mchana huu, mkono ungali imara, nimekaa na rula nikachora siku zote zilizobaki, mpaka Jumatatu asubuhi, thelathini na sita na nukta nane. Mstari unateremka safi kama ngazi. Sijawahi kuchora kitu kizuri hivi.

Imebaki Waziri aufuate.