Ng'ombe Watano wa Kuonyesha

Jumatatu, 7 Agosti 1972. Magwagwa.

Habari nzito! Mzee Nyamongo wa Kiogoro, mzee wa kanisa na baba yake Bosibori, atakuja Alhamisi kukagua boma letu, kama ilivyo desturi kabla ya posa kukubaliwa. Zizini tuna ng'ombe mmoja. Mmoja! Mwalimu Makori, ambaye pia anamtaka Bosibori, anao wanne na nyumba ya mabati. Mimi ninayo shahada ya uchumi. Shahada haikamuliwi.

Jumanne, 8 Agosti.

Nimebuni mkakati. Jirani yetu Mogire ana ng'ombe wanne zizini. Nimemwomba aniazime wote kwa siku moja, maana anatujia mtu mkubwa. Mogire alicheka hadi akakohoa. Akauliza kama haya ndiyo niliyoyafuata Nairobi. Hatimaye alikubali, kwa sharti kwamba nimpalilie migomba. Nilipalilia kutwa nzima, tai shingoni. Mama alipita, akauliza ng'ombe wetu amenikosea nini. Nilimfafanulia umuhimu wa mtaji unaoonekana. Akaenda zake mtoni.

Jumatano, 9 Agosti.

Asubuhi nilimshikia Mama ndama alipokuwa akikamua. Harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi ilinirudisha mbali. Marehemu Baba alikamua hapo hapo, akiimba wimbo wa Sabato kwa sauti mbovu, ukungu ukipanda kutoka bondeni. Sisi watoto tulipokezana kibuyu, povu midomoni. Lakini kikombe cha kwanza kilikwenda kwa akina Mogire, ambao enzi zile hawakuwa na kitu. Kisha Baba alimshukuru Mungu kwa kirefu, utadhani zizi limefurika. Sikumbuki hata siku moja tuliyotamani ng'ombe wa pili.

Machozi yalinilenga. Nilikaribia kuuahirisha mpango. Ndipo nikakumbuka mabati ya Makori.

Alhamisi, 10 Agosti.

Aibu! Aibu isiyo na kipimo!

Mzee Nyamongo aliwasili saa nne, fimbo mkononi. Nilimwongoza zizini kwa hotuba niliyoiandaa. Nikamwonyesha jike mweusi mwenye paji jeupe, nikatamka kwamba ukoo wa ng'ombe huyo tumeurithi kutoka kwa babu yangu. Mzee akamtazama kwa muda. Kisha akaita taratibu: “Makambi!”

Ng'ombe akainua kichwa, akaja mbio, akamlamba mkono.

Kumbe ni wake! Alizaliwa wiki ya makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, ndiyo asili ya jina. Malisho ya Kiogoro yalipopungua, Mzee alimkabidhi Mogire amfuge na anywe maziwa, kama Wagusii tulivyosaidiana tangu kale. Nami, mtoto wa Kigusii, niliazima ng'ombe bila kuuliza yupi ni wa nani! Mogire, nilipomlaumu baadaye, alijibu kwamba sikumtajia jina la mgeni. “Ulisema mtu mkubwa tu, msomi wetu. Nikadhani ni diwani.”

Mzee alinigeukia. “Babu yako alikuwa mtu mwema, kijana. Lakini hakumzaa ng'ombe wangu.”

Hakukasirika, hilo ndilo lililoniumiza. Alisema alimfahamu Baba makambini, mtu wa ng'ombe mmoja na kikombe cha kwanza cha jirani. Makori alikuwa amemwonyesha mabati hadi shingo ikamuuma, ilhali yeye Mzee alikuwa akimtafutia binti yake nyumba inayojua kusema yatosha. “Kilichonileta hapa, kijana, ni yule mmoja.”

Mama alimpa maziwa ya yule mmoja. Akanywa, akashukuru, akaondoka. Sikuweza kumwangalia Mama usoni.

Ijumaa, 11 Agosti.

Barua kutoka kwa Bosibori! Anauliza kama mtihani wa shahada nao niliuazima kwa Mogire. Hata hivyo, anasema baba yake amenipa nafasi moja, ya mwisho. Nifike Kiogoro Jumapili. Bila hotuba, bila zawadi. Nije nilivyo.

Nimesoma neno hilo mara tisa. Nilivyo!

Jumamosi, 12 Agosti. Sabato.

Nimesali kwa dhati, na kosa langu nimeliona waziwazi. Nilimwonyesha mali mtu anayethamini kuridhika. Upungufu mkubwa wa utafiti! Kesho nitamwonyesha kuridhika kusiko na mfano katika Nyamira na Kisii nzima.

Koti langu la mahafali halifai. Ni jipya mno. Kwa bahati njema, Mogire analo koti lililotoboka viwiko vyote viwili, halina hata kifungo kimoja, na kola yake imeliwa na panya. Amekubali kuniazima. Safari hii nimemuuliza, nikamwapisha: koti ni lake mwenyewe.

Mama amefunika uso kwa kanga. Nadhani ni furaha.

Na Makori? Nimefanya uchunguzi. Hana nguo yenye tundu hata moja. Maskini wa watu!