Fainali ya Ndabibi Kama Nilivyoitangaza Mimi

Jumatatu, 9 Juni 2025

"Mtangazaji mzuri wa besiboli ni yule anayejua wakati wa kufunga mdomo." Maneno ya Wachuka, leo asubuhi, kwenye mkutano wa stesheni, mandazi yakiwa bado mezani. Ana miaka ishirini na saba. Kazi yake ni kupanga waridi kwa urefu wa shina katika shamba la maua. Kwetu redioni anajitolea tu. Mimi nimetangaza kandanda Naivasha nzima kwa miaka kumi na minane.

Nakanusha. Kwanza, redio ikinyamaza watu hudhani stima imepotea, wanahamia stesheni nyingine. Pili, mtu aliyesoma kama mimi akinyamaza, umma ndio unaopata hasara. Tatu, baada ya kusema hivyo Wachuka alifunga mdomo kweli, akala andazi. Hoja gani hiyo isiyoweza kujitetea?

Kiprotich, meneja wetu, alitikisa kichwa kama aliyeelewa. Kisha akatoa habari. Fainali ya besiboli ya wafanyakazi itachezwa Jumamosi uwanja wa Ndabibi: timu ya mitambo ya mvuke ya Olkaria na timu ya mashamba ya maua. Wachuka na mimi tutaitangaza pamoja, tukipokezana. Atakayefanya vizuri atapewa kipindi cha michezo cha kila jioni. Yaani kipindi changu. Nikauliza kwa nini kitu changu kinagombewa. Akasema wasikilizaji wamelalamika. Wangapi? Akasema, boss, usinifanye nihesabu.

Mchezo wenyewe uliletwa na mhandisi Mjapani aliyekuja kufunga mashine Olkaria. Yeye aliondoka, mchezo ukabaki. Mmoja anarusha mpira, mwingine anajaribu kuupiga kwa gongo. Akishindwa mara tatu, ametoka. Akiupiga vizuri, anakimbia vituo vitatu na kurudi nyumbani, pointi moja. Watatu wakitoka, timu zinabadilishana. Kati ya mrusho na mrusho hakuna kinachotokea. Watu wamesimama tu. Wanatema mate. Mchezo huu unalilia mtu wa maneno.

Jumanne, 10 Juni

Nilipita Karagita kumwona Muiruri. Rafiki yangu wa miaka mingi. Kisukari kimemla macho, sasa haoni hata mwanga wa mlango. Binti yake Shiko ndiye mrushaji wa timu ya maua. Jumatatu ijayo anasafiri kwenda Doha kufanya kazi za nyumbani, mkataba wa miaka miwili. Kwa hiyo Jumamosi ni mechi yake ya mwisho.

Muiruri hajawahi kumwona akicheza. Lakini mkono ule wa kurusha ni kazi yake. Walipokuwa na shamba la mahindi Ndabibi, msichana alikuwa analinda mahindi dhidi ya nyani, na baba yake akamfundisha kurusha jiwe: si kwa nguvu, kwa kulenga. Nyani mkubwa wa kiume alikuwa anapigwa sikioni kutoka ng'ambo ya mtaro. Muiruri anasimulia huku mkono wenyewe ukirusha.

Aliniuliza kama ni mimi nitakayetangaza. Nikasema ni mimi. Akasema Jumamosi hataenda popote, ataweka redio sikioni. "Obura, sitaki mengi. Niambie tu mtoto anafanya nini."

Nikamwambia atapata hayo na zaidi. Akasema hayo tu yanatosha. Unyenyekevu wa maskini. Unauma sana.

Jumatano, 11 Juni

Hila ya kwanza. Nilimwomba Wachuka daftari lake la mechi, eti nijifunze. Alinipa bila kuuliza. Lazima siri yake imo humu, nikafikiri.

Hakuna kitu. Miraba. Vistari. Namba. Kila mrusho ana alama, kila mchezaji ana mstari. Kurasa sitini bila kivumishi hata kimoja. Nilimrudishia jioni nikamwambia ni kazi nadhifu, kama karani wa ghala. Akasema asante, mzee. Hakuudhika. Watu wa aina hiyo huwezi kupigana nao.

Nimeanza kuandika maelezo yangu. Nimefika ukurasa wa sita: historia ya gongo mkononi mwa binadamu, kuanzia mchungaji hadi askari kanzu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefanya mazoezi nyumbani. Nilimtangaza mke wangu, Adero, akipika chapati, dakika ishirini bila kupumua. Nilipitia asili ya ngano, makosa ya walowezi, uso wa mwanamke mbele ya moto.

Adero akauliza, kwa hivyo zimeiva ngapi?

Sikujua. Nikamwambia hilo si swali. Akasema ndilo swali pekee ambalo watoto waliokaa mezani wanalo.

Mchana Wachuka alinifuata stesheni na pendekezo. Mimi niongee, yeye aniandikie pointi kwenye karatasi, niwe nazisoma kila baada ya dakika chache, kwa sababu kila wakati kuna mtu anayefungua redio hajui chochote. Anataka nionekane mtu wa kuandikiwa. Nikamwambia nitafikiria. Nilishafikiria.

Ijumaa, 13 Juni

Hila ya pili. Pikapu ya stesheni itaondoka kwenda Ndabibi saa mbili asubuhi. Nimemtumia Wachuka ujumbe kwamba ni saa nne. Mechi inaanza saa nne.

Najua jambo hili litaitwa jina baya. Lakini historia imejaa watu waliofika kwa wakati wakaharibu kila kitu.

Kurasa: kumi na nne. Nimelala mchana kupumzisha koo.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike haraka kabla wengine hawajaanza kupotosha.

Tulifika mapema, mimi na Kigen, fundi wetu wa mitambo. Meza ya mbao, kipaza sauti, mwavuli. Vumbi. Upande mmoja wafanyakazi wa mvuke na kofia zao ngumu, upande mwingine akina mama wa maua waliokuja kwa lori. Kigen akauliza Wachuka yuko wapi. Nikasema vijana wa siku hizi.

Saa nne kamili nilianza. Sijawahi kuwa na sauti kama ile. Raundi mbili zote sikukwama. Kigen alinionyesha simu ya stesheni, ujumbe umejaa. Nikajua ni pongezi. Wa kwanza: "Buda score ni ngapi". Wa pili: "Nani anacheza". Wa tatu ulikuwa wa mama mmoja wa Kamere aliyetaka kujua kama hii ni mahubiri, na kama ni mahubiri, ya kanisa gani.

Raundi ya tatu Wachuka akashuka kwenye bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Alilipa, akaja, akaketi kando yangu. Hakusema neno kuhusu saa nne. Nilimsubiri aseme, nilikuwa na jibu. Hakulitaka. Akafungua daftari. Kigen alimpa kipaza sauti cha pili, mimi nikaegemea waya wake, ukachomoka.

Kila baada ya muda alikuwa anasukuma kikaratasi mbele yangu. Maua 4, Mvuke 3, raundi ya tano. Nakirudisha. Maua 4, Mvuke 3, raundi ya sita. Nakirudisha. Kigen alianza kunitazama jinsi mtu anavyotazama mlango uliokwama.

Raundi ya saba, ya mwisho. Nilikuwa ukurasa wa tisa, sehemu ninayovunja hoja ya Wachuka hadharani, kwa jina la "wapo wanaodai." Warumi, nilisema, hawakujenga dola kwa kunyamaza. Nilihisi Wachuka akinivuta mkono wa shati. Nikavibandua vidole vyake kimoja kimoja, sikupoteza sentensi. Akasukuma karatasi. Alikuwa ameiandika kwa herufi kubwa: SHIKO. VITUO VYOTE VITATU VINA WATU. TAFADHALI. Nikaiweka chini ya chupa ya maji isipeperuke.

Nilipofika mwisho wa Warumi niliinua macho. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Akina mama walikuwa wamembeba Shiko, kiatu kimoja kimemtoka. Kofia ngumu zilikuwa zinaelekea kwenye basi lao.

Nikawaambia wasikilizaji kwamba kuna msisimko mkubwa hapa Ndabibi.

Jumapili, 15 Juni

Nilienda kwa Muiruri baada ya ibada, nikitarajia shukrani. Alikuwa nje kwenye kiti cha plastiki, redio imezimwa, iko mapajani. Ndani Shiko alikuwa anafunga sanduku.

Aliniambia Shiko alirudi akasema, tumeshinda, baba, basi, akaenda kuoga. Hajui kujisifu, alichukua kwa mama yake. Muiruri hakutaka kumlazimisha. Alisema alikuwa anategemea redio.

Nikamuuliza alionaje sehemu ya Warumi.

Alisema alisikia watu wakipiga kelele nyuma ya sauti yangu. Kelele kubwa, mara tatu. "Nikaiambia redio, Obura, songa kidogo, nisikie mtoto."

Nilijitolea kumtangazia upya mechi nzima, hapo hapo, bure. Akasema nimwambie tu hiyo raundi ya mwisho. Sehemu hiyo kwa kweli ilihitaji kuundwa. Nikaiunda. Nilisema Shiko aliruka kama paa, akaudaka mpira kwa mkono mmoja, akaanguka, akainuka, jua likamwaka usoni.

"Sikuruka, mzee," Shiko akasema kutoka ndani. Hakukasirika. Alikuwa anatafuta kifuniko cha mafuta yake ya kujipaka.

Nikaeleza kwamba hiyo ni sanaa. Muiruri akasema sawa, sawa, nimeshukuru. Akaniuliza kama nimepata chai. Hiyo ni adabu ya kumwambia mtu aende. Nilikaa saa moja zaidi.

Jumanne, 17 Juni

Shiko aliondoka jana kabla ya mapambazuko. Muiruri alimshika mkono wa kulia, ule wa kurusha, hadi gari lilipoanza kusonga. Nimeambiwa. Mimi nilikuwa naandika barua ya kujitetea.

Haikusaidia. Kiprotich ameamua. Kipindi cha jioni ni cha Wachuka. Kuhusu saa mbili na saa nne alisema anajua, na kwamba Wachuka hakumwambia, Kigen ndiye aliyemwambia. Mimi nimepewa matangazo ya vifo, saa saba mchana. Amenisihi: jina, kijiji, siku ya mazishi, mwisho. Nimeanza leo. Marehemu wa kwanza nilimpa dakika kumi na moja. Alistahili. Familia ilipiga simu mara nne kuuliza mazishi ni lini.

Jioni nikapita Karagita. Wachuka alikuwa amenitangulia, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, daftari magotini. Anamsomea Muiruri mechi. Nilisimama nyuma ya ua wa mabati, nikaona kila kitu.

"Raundi ya saba. Nne kwa tatu. Vituo vyote vina watu. Hakuna aliyetoka. Mpira uko kwa Shiko."

Kisha akanyamaza. Nilihesabu: sekunde nane. Vidole vya Muiruri vikajikunja polepole, kama vinashika jiwe.

"Amerusha. Mpigaji amekosa."

Kimya tena. Akaendelea hivyo, mrusho mmoja, kimya, mrusho mmoja, kimya. Wa kwanza akatoka. Wa pili akatoka. Kila safari bega la mzee lilikuwa linasogea kabla yeye hajasema. Wa tatu alitoka kwa mrusho wa sita. "Mechi imeisha. Nne kwa tatu."

Muiruri akamwomba asome tena. Akasoma tena, maneno yale yale, bila kuongeza hata moja. Uso wa mzee ulikuwa umelowa hadi shingoni, na hakujifuta.

Sasa nauliza: huo ndio utangazaji? Kipofu ameachiwa kazi yote. Uwanja aujenge mwenyewe, jua aliweke mwenyewe, binti amsimamishe mwenyewe pale katikati, naye yuko Doha. Ndiyo sababu alilia. Mtu yeyote angelia kwa uchovu wa namna hiyo. Neno moja la mtaalamu lingemwokoa, na mtaalamu alikuwa nyuma ya mabati.

Nimeanza barua nyingine usiku huu huu, na hii haitaishia kabatini mwa Kiprotich. Wasikilizaji wa Karagita, Kamere, Ndabibi na Olkaria, hasa nyinyi mliotuma ujumbe Jumamosi: kesho kabla ya saa sita mje stesheni, mtie sahihi kudai nirudishwe kwenye kipaza sauti. Msiniambie mna kazi. Nawe Muiruri, jina lako litatangulia yote, kwa sababu wewe ndiye uliyedhulumiwa. Usijali macho. Nitakushika mkono nikuonyeshe pa kuweka kidole.